Vanishi, rangi ya mafuta au stika? Namna ya kuchagua kwa kitanda na kabati la zamani hapa Mwanza

Kitanda cha mninga chenye miaka ishirini na kabati la bodi lililonunuliwa mwaka juzi vinaweza kukaa chumba kimoja, vyote vimechoka, na visipone kwa dawa moja. Wengi huchagua rangi kabla ya kugeuza kitu chini juu na kukikagua. Mtu anaona kabati jeupe kwenye simu, anapita dukani, ananunua kopo, na miezi miwili baadaye rangi inabanduka vipande vipande kama magamba ya sato. Rangi haikuwa mbovu, ila ilipakwa mahali pasipoishika.

Hapa tunalinganisha njia tatu ambazo familia hufikiria zinapotaka chumba kipya bila kununua samani mpya: vanishi, rangi ya mafuta, na stika za kubandika. Ukuta tutaugusa mwishoni, kwa sababu rangi ya ukuta mbovu hula pesa zaidi ya kitanda.

Kwanza jua una nini

Toa godoro, inamisha kitanda, tazama upande wa chini ambao haukupakwa kitu. Mninga ni wa kahawia yenye wekundu, mkongo nao huelekea wekundu, na zote ni nzito. Paina ni nyeupe inayoelekea unjano, nyepesi, ina vifundo vingi, na ukiibonyeza kwa ukucha inabaki alama. Mbao za paina kanda hii hutoka hata karibu, maana kuna mashamba ya miti ya serikali Buhindi upande wa Buchosa na Rubya kule Ukerewe, kwa hiyo si ajabu kitanda cha bei nafuu kuwa cha paina hata kama muuzaji alikipaka rangi ya mninga. Bodi haina siri: angalia ukingo wa nyuma au ndani ya tundu la skrubu, utaona unga au chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi.

Kisha jua kilichopakwa zamani. Lowesha pamba kwa tina (kile kimiminika cha kuzimulia rangi na kuoshea brashi), igandamize sehemu iliyojificha kwa nusu dakika. Ikilainika na kunata, ikaacha rangi kwenye pamba, hiyo ni vanishi ya tina, ile ambayo mafundi huiita NC. Ikijikunja kama utando wa maziwa ya moto, ni rangi ya mafuta. Jaribio hili linaokoa kazi nzima, kwa sababu kuna sheria moja isiyobembelezeka: rangi ya mafuta inaweza kukaa juu ya NC iliyopigwa msasa, lakini NC haikai juu ya rangi ya mafuta. Tina iliyomo inaichemsha rangi ya chini, inainuka na kukunjamana, na hapo hakuna marekebisho ila kukwangua yote.

Jambo la tatu ni oili chafu. Vitanda vingi vya zamani vilipakwa oili ya gari iliyotumika ili kufukuza bungua na mchwa. Oili hiyo imeingia ndani ya mbao. Haikauki, na chochote utakachopaka juu yake hakitashika. Kitabaki kikinata wiki nzima, kisha kitang'oka. Ukiona weusi wenye mafuta chini ya chaga na harufu ya gereji, sahau vanishi na sahau rangi. Badilisha kipande hicho, au kiache kama kilivyo ikiwa hakionekani.

Bungua wenyewe utawajua kwa matundu madogo ya mviringo na unga laini unaodondoka upya kila siku. Matundu yasiyo na unga ni makovu ya zamani, yazibe uendelee. Yenye unga, piga dawa ya wadudu wa mbao kwa bomba la sindano tundu kwa tundu, rudia baada ya wiki mbili, ndipo uzibe.

Na kunguni. Anayenunua kitanda cha mtumba asikipitishe mlangoni kabla ya kukifungua viungo vyote nje. Maji yaliyochemka, yakimwagwa polepole ndani ya matundu ya viungo na nyufa, huwaua pamoja na mayai yao. Kuanika juani peke yake mara nyingi hakutoshi. Hapa mbao na chuma vinaishinda bodi vibaya sana: mbao italowa na kukauka baada ya siku mbili tatu, chuma hakisikii, lakini bodi ikimwagiwa maji ya moto inavimba na hairudi. Rangi wala vanishi haviui kunguni. Vinawafungia tu sehemu, na wao wana subira.

Viungo na chaga kabla ya urembo

Kitanda kinacholia usiku hakihitaji rangi. Fungua kiungo kilicholegea, kwangua gundi ya zamani mpaka mbao ionekane (gundi mpya haishiki juu ya gundi kavu), paka gundi nyeupe ya mbao, rudisha, kisha kaza. Huna klempu? Kata tyubu ya baiskeli iwe utepe mrefu, zungusha ukiivuta kwa nguvu, funga, acha saa 24. Inabana vizuri kuliko kamba.

Chaga za kitanda cha futi 5 kwa 6 hukatwa mbao za moja kwa tatu. Ukiacha nafasi ya inchi 2 na nusu kati ya chaga na chaga, utahitaji 13. Mbao ya futi 12 inatoa chaga mbili za futi 5 na kipande kinachobaki, hivyo nunua mbao 7. Upana wa futi 5 ni mrefu mno kwa paina ya inchi moja bila kitu katikati; weka boriti ya mbili kwa tatu inayokimbia kutoka kichwani hadi miguuni, yenye mguu mmoja katikati unaogusa sakafu. Bila mguu huo, chaga zitapinda zote, na godoro la sponji litaota bonde katikati watu wakidhani godoro ndilo limekwisha.

Vanishi upande huu, rangi ya mafuta upande ule

Vanishi inaonyesha mbao, rangi inaificha. Tofauti zote zinatoka hapo, pamoja na jasho: vanishi hudai mbao safi kabisa, rangi huvumilia mabaka.

Kwa vanishi itabidi uondoe kila kitu kilichopo. Anza na msasa namba 80, fuata 120, malizia 180, na siku zote vuta kufuata mistari ya mbao. Msasa unaokwenda kinyume unaacha mikwaruzo ambayo haionekani mbao ikiwa kavu, ila sila (ile inayopakwa kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya vanishi) ikigusa tu inajitokeza kama makucha ya paka. Nyufa zizibwe kwa vumbi la mbao hiyohiyo lililochanganywa na gundi kidogo, lakini usipake gundi nje ya ufa, kwa kuwa penye gundi sila haiingii na patabaki doa jeupe. Paka sila iliyozimuliwa kwa tina kama kopo linavyoelekeza, iache nusu saa hadi saa nzima, piga msasa namba 220 kwa mkono mwepesi, futa vumbi, paka tena. Halafu vanishi mara mbili au tatu. Kitanda cha futi 5 kina takriban mita za mraba 5 hadi 6 za kupaka, ukiacha chaga. Lita 1 ya sila, lita 1 hadi 1 na nusu ya vanishi na lita 2 za tina zinatosha, pamoja na kuosha brashi.

NC inakauka haraka mno kwa mtu asiyezoea brashi. Usirudi nyuma kusahihisha. Mvuto mmoja mrefu, songa mbele. Wengi wanaoanza hupata matokeo bora kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa kama donge kuliko kwa brashi. Na jiko la mkaa liwe mbali kabisa, maana mvuke wa tina unashika moto kabla hujauona.

Ziwa nalo lina lake la kusema. Siku yenye unyevu mwingi, NC hugeuka nyeupe kama imemwagiwa maziwa. Tina inaporuka hupoza uso wa mbao ghafla, unyevu wa hewani unatulia juu yake na kunaswa ndani ya vanishi. Ndiyo maana Aprili au Novemba, mvua ikiwa imenyesha asubuhi, si siku ya kazi hii. Ikishatokea usikwangue: ngoja jua kavu, pitisha kitambaa chenye tina kidogo juu yake, na ule ukungu huyeyuka. Saa nzuri ni kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri.

Rangi ya mafuta inaanza kwa urahisi zaidi. Ya zamani ikiwa imeshika vizuri haihitaji kung'olewa. Osha kwa maji ya sabuni ya unga, suuza, acha ikauke, piga msasa namba 120 kisha 180 mpaka mng'ao wote ufe. Usilegeze mkono hapa, kwa sababu rangi mpya hushika mikwaruzo midogo, haishiki kioo. Ziba mashimo kwa pati, paka praima (rangi ya chini ya kushikiza) penye mbao tupu, kisha rangi mara mbili, kila mkono ukiachwa kwa siku nzima kabla ya ule unaofuata. Lita 1 inafunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja juu ya mbao laini. Kwa kitanda, lita 1 ya rangi na nusu lita ya praima. Kabati la milango miwili lenye urefu wa mita 1.8 na upana wa mita 1.2 lina kama mita za mraba 4.5 nje, ukitaka na ndani ya milango inafika karibu 7, na hapo lita 1 haitoshi mikono miwili.

Iko mitego ya rangi ya mafuta ambayo muuzaji hakuambii. Vifundo vya paina vina utomvu, na baada ya miezi vitachomoza kama madoa ya chai juu ya rangi nyeupe. Paka sila mara mbili juu ya kila kifundo kabla ya praima. Mbao nyekundu nazo hutoa madoa, kwa hiyo zipitishie sila nzima. Rangi nyeupe ya mafuta hugeuka ya njano polepole sehemu isiyopata mwanga, hasa ndani ya kabati na nyuma ya mlango. Chagua rangi ya krimu tangu mwanzo usione tofauti. Kingo za droo zikipakwa, droo hugoma. Ziache tupu na uzisugue kwa mshumaa.

Halafu wapo wale vijidudu wa ziwani wanaopanda kama moshi kutoka majini na kufuata taa jioni. Ukiacha kabati bichi chini ya balbu, asubuhi utakuta limeota manyoya. Usiwafute rangi ikiwa mbichi, utaipaka matope. Iache ikauke kabisa, wapanguse kwa brashi kavu, piga msasa 220, rudia mkono wa mwisho. Bora zaidi, paka asubuhi na uzime taa ya chumba hicho usiku. Kazi ya nje uiingize ndani kabla ya jioni, kwani umande huua mng'ao wa rangi ya mafuta.

Uamuzi wetu hauna kona. Mninga, mkongo na mtiki viende kwenye vanishi, hata kama mtindo wa mwaka huu unasema nyeupe. Mbao hizo ni ghali, na kuzipaka rangi ni kuzishusha hadhi. Siku ukibadili mawazo utasaga msasa mpaka ukome. Mtiki ufute kwa tina kabla ya sila, kwa sababu una mafuta yake ya asili. Paina, mlingoti, na kitanda chochote kilichounganishwa kwa mbao za aina tatu tofauti, piga rangi bila huruma.

Kuna wanaotumia rangi ya maji iliyobaki ukutani. Kwa fremu ya kioo au rafu ya vitabu sawa, lakini kwa kichwa cha kitanda kinachoguswa na nywele zenye mafuta kila usiku itafubaa ndani ya mwezi.

Tahadhari kwa wenye watoto wadogo: rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwao. Rangi ambayo huijui historia yake usiipige msasa mkavu. Tumia msasa wa maji, lowesha, kusanya matope yake kwa gazeti, na watoto wawe kwa bibi siku hiyo.

Bodi na stika

Kabati la bodi lina ngozi laini ya plastiki au karatasi, na rangi haina pa kung'ang'ania. Inawezekana kulipaka: msasa namba 220 mpaka ngozi ifubae bila kuitoboa, futa kwa spiriti, praima maalumu ya nyuso laini, kisha rangi. Praima hiyo haipo kila duka na si rahisi bei. Kwa bodi iliyo nzima, stika inashinda kwa gharama na kwa muda. Kabati linakamilika kwa alasiri moja, na nguo zinarudi jioni ileile.

Stika nyingi huja kwa upana wa sentimita 45 au 60. Pima mlango kabla ya kwenda mjini. Mlango wa sentimita 55 unafunikwa na stika ya 60 kwa kipande kimoja, pamoja na kikunjo cha kila upande. Ukichukua ya 45 utakuwa na mshono katikati, na mshono ndio unaoanza kuinuka. Osha bodi kwa sabuni, futa kwa spiriti, toa vipini. Bandua sentimita 10 tu za karatasi ya nyuma, linganisha na ukingo wa juu, kisha shuka ukibandua huku ukisukuma hewa kwa kadi ya simu iliyokwisha, kutoka katikati kwenda pembeni. Ukinyunyiza maji yenye matone mawili ya sabuni kabla ya kubandika, utaweza kuisogeza ikikaa upande. Povu la hewa likibaki, litoboe kwa sindano, usiinue stika yote. Kwenye kona ipashe kwa hewa ya moto ya draya ya nywele, ivute kidogo, ikunje ndani angalau sentimita 2. Stika iliyokatwa sawasawa na ukingo haimalizi masika.

Juu ya mbao ya kawaida stika haifai. Vinyweleo na vumbi vinainyima gundi pa kushika. Na popote inapoinuka, isawazishe mapema, maana nyuma yake ni nyumba ya kunguni.

Kama bodi imevimba chini kwa sababu ya maji ya kudeki, hakuna stika wala rangi itakayoirudisha. Kata sehemu iliyovimba kwa msumeno wenye meno madogo, weka miguu ya mbao yenye inchi 3, na chini ya kila mguu gundisha kipande cha soli ya kandambili. Tundu la skrubu lililopanuka lijaze njiti za kiberiti zilizochovywa gundi, zivunje usawa, acha zikauke, funga bawaba upya. Ikiwa kuta zote za kabati zimelainika na linayumba ukilisukuma, acha kulitumikia. Pesa ya stika iongezee kabati la mbao la mtumba.

Kitanda cha chuma hakina mjadala mrefu: brashi ya waya, msasa, praima ya kuzuia kutu mkono mmoja, rangi ya mafuta mikono miwili. Kutu ikiachwa hata kidogo chini ya rangi itaendelea kula.

Ukuta

Nyumba zilizopanda mawe, za Igogo, Mabatini au Isamilo, mara nyingi zina ukuta mmoja unaotazamana na mwamba au kilima, na maji ya mvua hujikusanya nyuma yake. Ukuta huo hutoa unga mweupe wa chumvi na rangi kuota malengelenge. Hapo usipake rangi ya mafuta na usibandike chochote. Vyote viwili vinafungia unyevu ndani, na nyuma yake huota ukungu unaonuka. Elekeza maji ya nje kwingine kwanza, fagia chumvi kwa brashi kavu (ukiiosha inarudi ndani), acha ukuta ukauke wiki kadhaa, kisha paka rangi ya maji isiyong'aa, inayoacha ukuta upumue. Kabati likae mbali na ukuta huo angalau sentimita 10.

Kuta kavu zina uhuru. Rangi ya mafuta mita moja kutoka chini, pale mikono na mipira ya watoto inapofika, na ya maji juu, bado ni mpango usio na mpinzani kwa familia. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.7 kina kama mita za mraba 32 ukitoa mlango na dirisha. Rangi ya maji mikono miwili chumba kizima ni lita 6 na kidogo, yaani makopo mawili ya lita 4. Zile stika nene za sponji zenye sura ya matofali zinapendeza picha, lakini ni sponji: zinashika moto upesi na watoto huzitoboa kwa vidole.

Mtalala wapi?

Kwa nyumba ya vyumba viwili, mara nyingi swali hili ndilo linaloamua. Kabati la stika halimkoseshi mtu usingizi. Kitanda cha vanishi ya tina kilichomalizwa saa 9 alasiri kinaweza kulaliwa usiku unaofuata, harufu ikiwa imetoka. Cha rangi ya mafuta kipe siku tatu au nne baada ya mkono wa mwisho kabla ya kuweka godoro, na wiki nzima kabla ya kukiegemeza ukutani, la sivyo rangi itagandamana na plasta na kubanduka nayo. Kwa hiyo ukuta upakwe kwanza, kitanda kifuate nje kibarazani huku ukuta ukikauka, na fremu ya chandarua ifungwe mwisho. Matundu ya skrubu zake yatobolewe kabla ya kupaka, kwani keekee juu ya rangi mbichi huinua ukingo wa tundu, na hapo ndipo maganda huanzia.